Saa ya mtumba ya bei mbaya: Spea isiyo halisi isikutie hasara

NOVEMBA 2021, katika mnada uliofanyika mjini Geneva, Uswisi, iliuzwa saa moja ya mkono aina ya Omega Speedmaster ya mwaka 1957. Wenye mnada walikuwa wameikadiria kupata kati ya faranga 80,000 na 120,000 za Uswisi. Wanunuzi walipandishana bei, na hadi mwisho saa hiyo ilikuwa imepita faranga milioni tatu.

Aliyeichukua ni kampuni ya Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Lakini mwaka 2023 kampuni hiyo ilijitokeza na kueleza kwamba saa hiyo haikuwa kitu kimoja tangu kiwandani. Ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vilivyotolewa katika saa nyingine za zamani, vingi vikiwa vya Omega halisi. Kampuni ilieleza kuwa baadhi ya watumishi wake wa zamani walihusika, na suala hilo likafikishwa kwenye vyombo vya sheria.

Kama mtengenezaji mwenyewe, mwenye kumbukumbu zote za kiwanda, aliweza kuuziwa saa ya kuungaunga, je, mwenye duka la pembejeo anayepokea saa kama rehani ya deni la mbolea atajinusuru vipi?

Swali hilo si la matajiri peke yao. Saa za bei mbaya kama Rolex, Omega na nyinginezo kutoka Uswisi huingia mikononi mwa watu wa kawaida kwa njia nyingi. Zipo zinazochukuliwa badala ya deni, zinazowekwa rehani, zinazoachwa na marehemu katika mirathi, na zile ambazo mfanyabiashara huzinunua safarini akitarajia kuziuza tena kwa faida. Saa moja inaweza kumeza mtaji wa msimu mzima. Ikibainika baadaye kuwa uso wake ni wa kubandika, au mashine yake si yake, mtaji huo unapungua ghafla na hakuna wa kuufidia.

Si kila spea ngeni ni feki

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuziweka spea zote zisizo za asili katika kapu moja. Ukweli ni kwamba zipo aina nne, na kila moja ina athari yake katika bei.

Aina ya kwanza ni spea halisi ya kampuni ile ile, ila imetoka katika saa nyingine au ni ya miaka mingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya saa ya Geneva. Kipande ni cha kweli, lakini saa si ile inayodaiwa kuwa.

Aina ya pili ni spea iliyotengenezwa na kiwanda kingine, bila kuwekwa jina la kampuni ya saa. Vioo, springi, mipira ya kuzuia maji na mikanda mingi ni ya namna hiyo. Kuitumia si kosa, mradi anayeuziwa ameelezwa.

Aina ya tatu ni spea halisi iliyobadilishwa, kwa mfano uso wa saa uliopakwa rangi upya, au kasha lililotobolewa na kupachikwa almasi ambazo kiwanda hakikuziweka.

Aina ya nne ndiyo feki hasa, yaani kipande kilichotengenezwa pembeni kisha kikachapwa jina au alama ya kampuni ili kionekane cha kwake. Hii ndiyo inayoweza kumfikisha muuzaji mahakamani.

Kwa nini spea hizo ni nyingi

Wapo wanaodhani kila fundi anayeweka spea isiyo halisi ni mwizi. Hata hivyo, chanzo kikubwa ni uhaba. Kampuni nyingi kubwa za saa haziwauzii spea mafundi wa kujitegemea. Huwauzia tu wale waliowaidhinisha.

Huko Ulaya suala hili lilizua mvutano wa miaka mingi. Mwaka 2004 shirikisho la vyama vya mafundi saa liliwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulaya, likidai kuwa hatua ya kampuni kukataa kuwauzia mafundi spea inaua ushindani. Tume iliyakataa malalamiko hayo, mahakama ikairudisha kazini mwaka 2010, ikayakataa tena mwaka 2014, na mwaka 2017 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikakubaliana na Tume.

Matokeo yake ni kwamba fundi asiye na idhini, awe London au Dar es Salaam, akiletewa saa iliyovunjika kioo ana njia tatu. Ama aipeleke kituo cha kampuni kwa gharama kubwa, ama atafute kipande katika saa mbovu, ama anunue kipande cha kiwanda kingine. Mwenye saa mara nyingi huchagua iliyo nafuu. Miaka inapita, saa inauzwa mara mbili au tatu, na habari ya kioo kile inasahaulika.

Kipi kinashusha bei

Si kila badiliko lina uzito sawa. Mpira wa kuzuia maji, springi na mkanda wa ngozi ni vitu vinavyochakaa, na kuvibadili ni sehemu ya matunzo. Kioo kisicho cha kiwandani hupunguza bei, lakini tatizo hilo hurekebishika.

Mambo huwa mazito kwenye uso wa saa, mishale, pete inayozunguka kioo, kasha na mashine. Kwa saa za zamani, uso ndio hubeba sehemu kubwa ya thamani. Wakusanyaji hupenda ule wa tangu kiwandani hata kama umefifia, kuliko mpya unaong'aa. Ndiyo maana hata uso halisi uliowekwa na kituo cha kampuni miaka 20 baadaye unaweza kuishusha bei ya saa ya kale.

Kasha nalo lina yake. Likisuguliwa mara nyingi ili ling'ae, pembe zake hupoteza ukali na chuma hupungua. Hiyo haitibiki kwa kununua spea.

Almasi za kuongezea huwadanganya wengi. Mnunuzi huona vito na kudhani thamani imepanda. Kwa wauzaji wanaojua kazi yao, saa iliyotobolewa na kupachikwa vito nje ya kiwanda huwa imeharibiwa, na vituo vya kampuni kwa kawaida hukataa kuipokea kwa matengenezo.

Namna ya kukagua

Ukaguzi wa kwanza unaweza kufanywa dukani bila kufungua kitu. Saa ya mashine ya kisasa, kama zile za Rolex zilizotumia mashine namba 3135 iliyoanza mwaka 1988, hupiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani manane kwa sekunde. Mshale wake wa sekunde huonekana ukiteleza. Ukiruka mara moja kila sekunde, ndani kuna mashine ya betri. Rolex iliwahi kutengeneza saa za betri, lakini ni chache, na zile za Oysterquartz jina hilo limeandikwa usoni. Hata hivyo, kuteleza kwa mshale peke yake si uthibitisho, kwani feki nyingi za siku hizi nazo zina mashine za namna hiyo.

Hatua ya pili ni gizani. Rangi ya kung'aa iliyopakwa kwenye namba na mishale ina historia yake. Zamani ilitumika radiamu, ikafuatiwa na tritiamu, na kuanzia miaka ya 1990 ikaingia aina mpya isiyo na mionzi. Tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 12 hivi. Kwa hiyo uso wenye alama ya herufi T chini kabisa, karibu na neno Swiss, ukidaiwa kuwa wa mwaka 1970, hautakiwi kuwaka usiku kucha kama taa. Ukiwaka hivyo, rangi imepakwa upya au uso umebadilishwa. Hali kadhalika, mishale na namba zikitofautiana katika kuwaka, kimojawapo huenda kimetoka mahali pengine.

Hatua ya tatu ni namba. Katika saa nyingi za zamani za Rolex, namba ya saa imechorwa ubavuni mwa kasha, upande wa saa 12 ya Kiswahili, palipofichwa na mkanda. Namba ya aina iko upande wa pili, panaposomeka saa sita. Mkanda lazima utolewe ili zionekane. Katika saa mpya zaidi namba ya saa imehamia kwenye pete ya ndani, chini ya kioo. Namba iliyofutika, iliyochorwa upya au isiyolingana na karatasi ni sababu tosha ya kusimamisha biashara.

Lakini hapa kuna mtego. Namba ile ni ya kasha. Haisemi lolote kuhusu uso, mishale wala mashine iliyomo. Ni sawa na pikipiki yenye chesisi iliyoandikwa vizuri kwenye kadi, kumbe injini imetoka kwingine. Kadi ya dhamana na boksi zuri haviondoi haja ya kufungua saa.

Hatua ya nne, na ndiyo yenye uamuzi, ni kumpa fundi anayejua aina hiyo aifungue mfuniko wa nyuma kwa kifaa chake maalumu. Fundi huangalia maandishi ya kwenye mashine, hulinganisha skrubu na magurudumu, kisha huipima kwa mashine ya kupimia mapigo. Saa za Uswisi zilizopata cheti cha usahihi cha COSC hupimwa mashine zake kwa kiwango cha wastani wa kuchelewa sekunde nne hadi kuwahi sekunde sita kwa siku. Saa ya zamani inaweza kupita hapo, ila ikiwahi au ikichelewa kwa dakika nzima, kuna kazi ya kufanya.

Muuzaji anayekataa saa isifunguliwe hata kwa gharama ya mnunuzi amekwisha kutoa jibu.

Hesabu kabla ya kulipa

Baada ya ukaguzi, kinachofuata ni hesabu, na isifanywe kichwani. Tuseme saa ya aina fulani, ikiwa kamili na imetunzwa, inauzwa sh milioni 8. Fundi amegundua uso na kioo si halisi, na mashine inahitaji kusafishwa na kutiwa mafuta. Kwa mfano tu, makadirio yakawa uso sh milioni 1.6, kioo sh 400,000 na kusafisha sh 900,000. Jumla ni sh milioni 2.9.

Milioni 8 ukitoa 2.9 inabaki 5.1. Hapo bado hajahesabiwa muda, usafiri na uwezekano wa fundi kukuta jambo jingine akishaanza kazi. Mfanyabiashara mwangalifu ataondoa tena asilimia kumi ya bei kamili, yaani sh 800,000. Mwisho wake wa kulipa unakuwa sh milioni 4.3. Muuzaji akikataa, ni bora saa ibaki kwake.

Kwa anayepokea saa kama rehani, tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa sababu akilazimika kuiuza atafanya hivyo kwa haraka. Kiasi cha kukopesha kisizidi nusu ya bei ambayo saa ingepata ilivyo, pamoja na kasoro zake. Kwa mfano huo, ni kama sh milioni 2.1.

Ukishauziwa

Aliyekwisha kulipa na kugundua kasoro baadaye asikimbilie kuibadili. Saa ikishaguswa, ushahidi umepotea.

Kwanza, fundi aandike taarifa yenye tarehe, namba ya saa, orodha ya vipande visivyo halisi na picha za kila kimoja. Pili, mnunuzi akusanye risiti, tangazo la muuzaji na ujumbe wowote wa simu ambamo saa ilielezwa kuwa halisi. Tatu, amwendee muuzaji mapema, kwa maandishi, na kumpa nafasi ya kuchagua kati ya mambo matatu: kurudisha fedha, kupunguza bei, au kulipia spea halisi.

Mara nyingi muuzaji naye alidanganywa na aliyemuuzia. Ndiyo maana lugha ya kiungwana huzaa matunda kuliko vitisho. Akigoma, sheria ipo. Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya zinataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Neno "halisi" likiwa kwenye risiti, mnunuzi ana pa kusimamia. Likiwa lilisemwa mdomoni tu, kazi inakuwa ngumu.

Iwapo mnunuzi ameamua kubaki na saa, ana njia mbili. Akitaka kuivaa tu, kipande cha kiwanda kingine kilicho imara hakina ubaya, na fedha zake zitumike kwanza kwenye mipira ya kuzuia maji na usafi wa mashine. Akitaka kuiuza baadaye, aangalie kama gharama ya spea halisi itarudi katika bei. Isiporudi, aiuze ilivyo na aeleze kasoro zake.

Kabla ya kuipeleka kituo cha kampuni, aulize kwa maandishi mambo mawili: kama watakubali saa yenye vipande hivyo, na kama vipande watakavyovitoa vitarudishwa kwake. Baadhi ya vituo hubaki navyo. Mwenye saa ya kale anaweza kujikuta ameacha huko uso wa asili uliokuwa na thamani kuliko mpya aliowekewa.

Anayeuza aseme ukweli

Kwa mfanyabiashara, somo kubwa zaidi liko upande wa kuuza. Mwaka 1947 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya plagi za magari. Mtu mmoja alikuwa akikusanya plagi chakavu za Champion, akizitengeneza na kuziuza tena kwa jina lile lile. Mahakama haikumzuia kutumia jina. Ilimtaka aoneshe wazi kwamba plagi hizo zimetumika au zimetengenezwa upya.

Msingi huo umefika hadi kwenye saa. Kampuni moja ya jimbo la Colorado, Vortic, ilichukua mashine za saa za mfukoni za Hamilton za zamani na kuzitengenezea makasha mapya ya saa za mkono. Hamilton ilishitaki. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ilikubali kuwa Vortic haikukosea, na jambo lililoisaidia ni kwamba ilieleza bayana kipi ni cha zamani na kipi ni cha kwake.

Muuzaji mwingine, wa Texas, hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa akiuza saa za Rolex zilizowekewa nyuso, pete na mikanda isiyo ya Rolex, huku zikiitwa Rolex halisi. Januari 2024 mahakama ya rufaa ilithibitisha kuwa alivunja haki za alama ya biashara. Aliponea tu kulipa faida aliyoipata, kwa kuwa Rolex ilikuwa imechelewa miaka mingi kumshitaki.

Hapa nyumbani, Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Anayeuza saa yenye kipande kilichochapwa jina la kampuni kwa uongo hujiweka katika hatari ya kunyang'anywa mzigo na kushitakiwa, hata kama sehemu iliyobaki ni halisi.

Kampuni zenyewe zimeliona soko hili. Desemba 2022 Rolex ilianzisha mpango wa saa zilizotumika ambazo kampuni inazikagua na kuzipa dhamana ya miaka miwili. Bei za saa hizo ni za juu, lakini zinaonesha kitu ambacho wanunuzi wako tayari kukilipia, nacho ni uhakika.

Muuzaji mdogo hawezi kutoa dhamana ya kiwanda, ila uhakika anaweza kuutoa kwa karatasi moja. Aandike namba ya saa, kilicho halisi, kilichobadilishwa, nani alibadili na lini, kisha yeye na mnunuzi watie saini, kila mmoja abaki na nakala. Utaratibu huo huo unafaa kwa pampu ya maji, mashine ya kusaga na pikipiki ya mtumba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Saa inaweza kuvaliwa na watu watano kwa miaka 50, ikabadilishwa kioo mara tatu na uso mara moja, na bado ikauzwa kwa haki, mradi kila aliyeipokea amekabidhiwa pia habari zake.